Namba, Lita na Siku ya Kuuza: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Gari la Bei Nafuu

Chini ya mwarobaini wa gereji moja ya Ngamiani, Tanga, ambako nimekuwa nikipeleka gari langu kwa miaka mingi, maswali ya mnunuzi wa gari lililotumika hayabadiliki: ni namba gani, ni cc ngapi, na limetembea kilometa ngapi. Akijibiwa kuwa ni namba D, cc 1,300 na kilometa 80,000, uso unakunjuka na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Swali ambalo sijalisikia hata mara moja ni hili: baada ya miaka minne nitalitoa kwa shilingi ngapi, na katika miaka hiyo litalala gereji siku ngapi? Yale matatu huulizwa kwa sababu majibu yake yanaonekana kwa macho. Hili halionekani, na ndilo lenye fedha nyingi.

"Namba E ni jipya kuliko namba C"

Herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao cha namba inaeleza jambo moja tu, nalo ni wakati gari liliposajiliwa hapa nchini. Toyota IST mbili zilizotoka kiwandani mwaka 2004 zinaweza kuwa moja namba C na nyingine namba D, na umri wao ukawa uleule. Tofauti ni kwamba moja imekula vumbi letu miaka mingi zaidi, na nyingine ilibaki Japani ikisubiri mnunuzi. Sisemi kwamba tofauti hiyo haina maana. Gari la abiria nchini Japani hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima lifikapo miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na barabara za kule si za kwetu. Hata hivyo mpira wa bushi, mabomba ya rejeta na nyaya za umeme huzeeka popote pale gari lilipo, hata likiwa limeegeshwa.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye fedha. Anayeongeza milioni moja na nusu kwa ajili ya herufi amenunua kitu kinachopoteza thamani haraka kuliko injini, kwa sababu siku herufi inayofuata inapoanza kuonekana barabarani, ile yake inakuwa ya zamani bila gari lenyewe kuharibika hata kidogo. Mnunuzi mtulivu hufanya kinyume: hutafuta gari la herufi iliyopitwa lenye injini safi, kwa kuwa hasara ya herufi imekwisha kubebwa na mwenye nalo wa kwanza.

Umri wa kweli haujifichi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukitaka shahidi wa pili, vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho wake, nawe utakuta lebo ndogo ya kitambaa ambayo mara nyingi ina tarehe au mwaka. Mkanda ukiwa mdogo kwa miaka minne kuliko gari, uliza kwa upole ni lini ulibadilishwa na kwa sababu gani, maana mikanda haibadilishwi kwa mapambo.

"Injini ndogo inanusa mafuta"

Kwa mtu anayezunguka kati ya Chumbageni na Raskazoni, akiwa peke yake au na mtoto wa shule kiti cha nyuma, maneno haya ni ya kweli, na Vitz au Passo ya cc 1,000 itamtosha. Lakini gari hilohilo lipakie watu wazima watano na magunia mawili ya viazi, kisha lipandishe kutoka Mombo kwenda Lushoto. Dereva atakanyaga mafuta hadi sakafuni, giaboksi itang'ang'ania gia za chini, na mlio wa injini utasikika kona mbili mbele. Injini inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake haibani mafuta, na katika safari ya namna hiyo ile ya cc 1,300 au 1,500 inaweza kutumia kiasi kilekile, au pungufu, huku ikichakaa polepole zaidi. Kinachoamua ni uzito unaobebwa na njia inayopitwa kila siku.

Kuna mtego mwingine ndani ya kipimo chenyewe cha kilometa kwa lita. Watu wengi huamini kwamba kutoka kilometa 15 hadi 18 kwa lita ni faida kubwa kuliko kutoka 8 hadi 10, kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 2. Tuhesabu kwa anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi. Kutoka 8 hadi 10 anashuka kutoka lita 125 hadi 100, yaani anaokoa lita 25. Kutoka 15 hadi 18 anaokoa lita 11 na ushee tu. Kwa hiyo mwenye gari kubwa linalokula sana ndiye mwenye sababu ya kulibadilisha, wakati mwenye gari dogo anayetafuta dogo zaidi anafukuzia senti. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, maana bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila mwezi: hizo lita 11 ni kama shilingi 400,000 kwa mwaka. Ukiongezewa milioni tatu kwenye bei ya kununulia eti gari linanusa mafuta, utazirudisha baada ya miaka saba na nusu.

Takwimu zinazoandikwa kwenye matangazo ya magari ya Japani nazo zisikulaze usingizi. Zilipimwa maabara, gari likizungushwa juu ya rola kwa mwendo uliopangwa. Za zamani kwa utaratibu uitwao 10-15, ambao baadaye uliachwa, ukaja JC08 na kisha WLTC, kwa sababu pamoja na mengine hali yake ilikuwa laini kuliko ya barabarani. Kipimo cha uhakika ni cha mwenyewe: jaza tenki mpaka pampu ijikate, andika kilometa, tembea kama kawaida, kisha rudi ujaze tena na ugawanye kilometa kwa lita zilizoingia. Wengi wetu hatuwezi kufanya hivyo kwa kuwa tunaweka mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu ishirini keshokutwa, halafu tunalilaumu gari kwa mshale ambao haujawahi kupanda zaidi ya robo.

Barabara ya Lushoto imezaa pia dhana kwamba kushuka na frii, yaani gia huru, kunaokoa mafuta. Zama za kabureta ilikuwa na ukweli kiasi. Katika injini za sasa zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, dereva anapoachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, mafuta hukatwa kabisa kwa muda huo, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Mwenye frii anatumia yale ambayo mwenzake aliye kwenye gia hayatumii, tena anachemsha breki kwenye kona ambazo upande wake wa pili ni bonde.

"Rahisi ni bei ya kununulia"

Wahenga wetu walimaliza maneno yote waliposema rahisi ni ghali, lakini hesabu yake haijazoeleka. Chukua mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mmoja ananunua gari dogo la aina iliyozagaa mjini kwa milioni 13, na baada ya miaka minne analiuza milioni 9.5. Mwingine ananunua saluni ya Ulaya yenye viti vya ngozi kwa milioni 8.5, akisifiwa mtaa mzima kwa kupata chuma kwa bei ya kutupa. Baada ya miaka minne anaitangaza miezi sita, na hatimaye anaiachia kwa milioni 3.5. Wa kwanza amepoteza milioni 3.5, wa pili milioni 5, na bado hatujafungua daftari la spea. Kilichomponza wa pili ni kudhani kwamba gari lililokwisha kushuka bei haliwezi kushuka tena.

Kwa nini magari yaliyozagaa hushikilia bei? Sababu moja ni kwamba anayetaka mbadala kutoka nje lazima apitie kodi: ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na kwa gari dogo la abiria lenye umri unaozidi miaka 8, ushuru wa ziada wa uchakavu. Hapo wengine hujidanganya kwamba risiti ya bei ya chini italeta kodi ya chini, ilhali Mamlaka ya Mapato, TRA, ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika. Sababu nyingine ni wingi wenyewe, kwa kuwa gari ambalo kila fundi analijua hupata mnunuzi hata siku unayouza kwa dhiki.

Kuna bado wanaopunguza bei kwa kudai kwamba gari "linadaiwa rodi laisensi" ya mwaka huu. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, jambo linalomgusa zaidi anayetembea sana.

"Toyota haifi"

Inakufa, tena baadhi hufa kwa gharama. Injini za mwanzo za D-4, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa na zilifungwa katika baadhi ya Premio, Allion na Noah, zina pampu na nozeli zisizovumilia uchafu, na masizi hujikusanya kwenye njia ya hewa. Neno D-4 kwenye kifuniko cha injini si sababu ya kukimbia, ila ni sababu ya kumwita fundi anayeijua kabla ya kulipa.

Mimi mwenyewe nililipia somo la giaboksi. Gari langu la pili lilikuwa na CVT, ambayo badala ya meno ya gia hutumia mkanda wa chuma na puli mbili, na inahitaji oili yake maalumu. Fundi mmoja, ambaye simtaji, aliimimina ile ya otomatiki ya kawaida akisema "Mzee, oili ni oili." Baada ya miezi mitatu gari likaanza kutetemeka kila nilipoondoka kwenye mzunguko, likilia kama nyuki ndani ya debe. Giaboksi ya mtumba ilitoka Dar es Salaam ndani ya buti la basi, ikakutwa si ya modeli yangu, ikarudi. Ya pili ikaja siku ya 11. Nauli za bajaji za siku hizo sikuwahi kuziona kwenye hesabu yoyote ya ulaji wa mafuta.

Ndiyo maana Mazda Demio na Honda Fit, ambazo ni mashine nzuri, haziwezi kuhukumiwa kwa jina la kiwanda. Zihukumu kwa mji ulipo. Kabla ya kununua, zunguka maduka matatu ya spea hapa Tanga, uliza bei ya shokapu za mbele, pampu ya maji, taa ya mbele na maunti ya injini. Duka likikujibu "tunaagiza", hesabu hizo siku za kusubiri kama sehemu ya bei ya gari.

Haibridi, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme, kama Aqua na Prius, huokoa zaidi kwenye foleni za kusimama na kuondoka, na mji wetu hauna foleni hizo. Anayekwenda Dar es Salaam kila wiki atapata faida ndogo barabara kuu kuliko anayeishi humo. Kilometa za kwenye dashibodi nazo hurudishwa nyuma, hivyo tazama pedali na usukani vilivyochakaa. Na kwa sisi wa pwani, lala chini ya gari kwanza: upepo wa bahari hula chesi kimyakimya, na baadhi ya magari huja na kutu yao tayari kutoka mikoa ya Japani inayomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji.

Kuhusu siku ya kuuza, ipo njia ya kuijua mapema. Binti wa dada yangu alipotaka gari la milioni 12, nilimtuma kwa dalali mwingine akajifanye anauza la aina hiyohiyo, mwaka huohuo. Alirudi akicheka kwa uchungu.

"Shikamoo, mjomba. Amesema nimpe kwa nane, tena nimwachie funguo wiki tatu."

"Marahaba. Na ulipomtajia IST?"

"Hiyo ameniuliza iko wapi."

Alinunua IST.