Hezi 432 si sauti ya uponyaji

Ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp hudai kwamba muziki wenye noti ya La ya hezi 432 (yaani mitetemo 432 ya sauti kwa sekunde) huponya mwili, na kwamba hezi 440 ziliwekwa kwa hila. Kwa kweli, kabla ya Ufaransa kuamuru hezi 435 mwaka 1859, miji ya Ulaya ilitofautiana katika kimo cha noti ya La; 440 ilipendekezwa London mwaka 1939 ili wanamuziki wapatane. Isitoshe, hezi huhesabiwa kwa sekunde, kipimo kilichobuniwa na binadamu, kwa hiyo namba 432 yenyewe haina nguvu ya pekee. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Badala yake, mwombe mwenzako ateremshe kimo cha sauti ya wimbo kwa kompyuta takriban theluthi ya nusu toni, yaani kutoka hezi 440 hadi 432, kama watunzi wa muziki wa kielektroniki wawezavyo, kisha akuchezee nakala zote mbili bila kukwambia ipi ni ipi. Huenda wanaohisi utulivu wameshaambiwa ipi inatuliza.