Visipoonekana, haviambukizi. Hiyo "lakini" mnaitoa wapi?

Kila nikiandika kwamba anayeishi na VVU, anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, hakosi mtu wa kunijibu: "Sawa, lakini huwezi kujua."

Tunajua. PARTNER2, utafiti uliotoka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wanaume, mmoja ana VVU na yuko kwenye dawa, mwenzake hana. Ngono bila kondomu ilihesabiwa karibu mara 76,000. Wapo 15 walioambukizwa, na hapo ndipo wenye "lakini" huruka juu. Subirini. Vinasaba vya virusi vilipolinganishwa, hakuna hata mmoja aliyevitoa kwa mwenzi wake huyo; walivipata nje. Utafiti wa kwanza, wa 2016, ulikuwa na jozi za mwanamke na mwanamume pia. Jibu lilikuwa lile lile: sufuri.

Upande wa pili wapo wanaosoma "havionekani" wakaelewa "nimepona". Hapana! Virusi vimejichimbia ndani ya chembe za kinga ya mwili ziitwazo CD4, vimelala. Acha dawa, na kwa wengi ndani ya wiki chache tu vinarudi kwenye damu, na ile kinga ya mwenzi niliyoitaja inaondoka.

Sasa lile linalowachanganya hata watoa huduma. Jibu la kipimo cha wingi wa virusi likija nakala 340 kwa mililita ya damu, mtu anaangua kilio na mwenzi anahama chumba. Kwa nini? Chini ya 1,000, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema uwezekano wa kuambukiza kwa ngono ni karibu sufuri. Ila 340 si ya kupuuza: tafuta chanzo. Kwanza vidonge vilivyorukwa, na uliza bila kufoka, maana ukifoka utadanganywa. Pili, kama anatumia dolutegravir, moja ya dawa za VVU, uliza anameza nini kingine. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huizuia isifyonzwe. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navyo huizuia, isipokuwa vikimezwa pamoja nayo na chakula. Akiwa kwenye rifampisini ya kifua kikuu, anahitaji dolutegravir mara mbili kwa siku. Kisha kipimo kirudiwe baada ya miezi 3.

Haya yote ni ya ngono. Kwa kunyonyesha, hatari hupungua sana lakini haifiki sufuri. Kuchangia sindano ni habari nyingine kabisa, na kaswende na kisonono havijali wingi wa virusi vyako.

Nina shaka moja na kaulimbiu hii ninayoitetea. Naogopa tunatengeneza daraja jipya: wenye virusi visivyoonekana wawe "wazuri", na yule ambaye virusi vyake vimekuwa sugu, au aliyeanza dawa mwezi uliopita, abaki na unyanyapaa wote peke yake. Sina dawa ya hilo. Wala kujiweka wazi si deni. Mtu huchagua amwambie nani, lini.

Kinachonichosha kuliko vyote ni "nimepima, niko safi". Kwani mwingine ni mchafu? Halafu huo usafi ni wa lini? Kipimo cha kidole hakioni maambukizi ya wiki iliyopita, na ni katika wiki hizo za mwanzo ambapo virusi hujaa kwenye damu kupita kiasi. Huyo "safi" anaweza kukuambukiza kirahisi. Wa kwenye dawa, mwenye virusi visivyoonekana, hawezi. Kwa hiyo mtu akikuambia anaishi na VVU, muulize kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa lini. Na uwe na tarehe ya kipimo chako mwenyewe mfukoni, maana naye atakuuliza.