Ejenti wa AI anajua tu kile umemwandikia

Wiki hii tena, kwenye mkutano hapa Kisumu, mtu ameniambia "wewe unganisha tu API (njia ambayo programu moja inaitumia kuongea na nyingine), AI ni smart, itajijua." Hii kitu nimeisikia kwa wateja, nimeisikia kwa madivelopa wenzangu ambao wanafaa kujua vizuri zaidi, na imenichosha, kwa hivyo wacha niiandike mahali moja.

Ejenti, yaani modeli ya AI uliyoipa kazi ya kufanya ndani ya mfumo wako, haoni programu yako. Haoni databesi, haoni ile komenti uliweka juu ya fanksheni, na hajui mlielewana nini na mhasibu. Anachopewa ni jina la zana (fanksheni unayomruhusu aite), maelezo yake na skima ya JSON ya paramita, yaani orodha ya data anayotakiwa kujaza na aina yake. Ilikuwa hivyo OpenAI walipoanza kuruhusu modeli ziite fanksheni Juni 2023, na ni hivyo kwa MCP, kiwango cha kuunganisha modeli na zana ambacho Anthropic walitoa Novemba 2024. Ukiandika "lipa: inatuma malipo", hayo maneno matatu ndiyo kila kitu anajua kuhusu pesa za watu.

Chukua STK Push, lile ombi la M-Pesa linalojitokeza kwa simu ya mteja aweke PIN, maanake huku karibu kila divelopa ameshawahi kuijenga. Unatuma ombi Daraja (API ya Safaricom ya M-Pesa), unarudishiwa ResponseCode 0, neno Success na CheckoutRequestID, yaani namba ya kutambua ombi hilo. Hiyo 0 inasema ombi limepokelewa, basi, simu ya mteja ndiyo sasa inamwomba PIN na pesa bado ni yake. Jibu lenyewe linakuja baadaye kwa kolbeki, yaani ujumbe ambao Safaricom wanatuma kwa seva yako: ResultCode 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikufikika. Divelopa yeyote wa hapa anajua hii tofauti hata akiwa usingizini, na ndiyo maana anasahau kuiandika. Sasa ejenti aliyeandikiwa "inatuma malipo" anaona 0 na neno Success, anamwambia mteja wa omena pale Kibuye "asante mama, malipo yamepokelewa", mzigo unatoka na hakuna shilingi imeingia. Halafu kwa mkutano watu wanalalamika AI inadanganya! Imesema kile maelezo yenu yalisema.

Mimi hiyo zana naiandika hivi, na angalia_malipo ni zana ya pili ya kuangalia hali ya malipo: "Inatuma ombi la malipo kwa simu ya mteja. Jibu la 0 hapa si uthibitisho wa malipo. Usimwambie mteja amelipa mpaka angalia_malipo irudishe LIMELIPWA. Mteja akikawia, usitume ombi lingine kwa oda hiyo hiyo kabla ya kuangalia hali ya lile la kwanza." Ni ndefu, najua, na kila mara kuna mtu anataka kuikata. Ile sentensi ya mwisho ndiyo wanakata kwanza na ndiyo ninaipigania zaidi, kwa sababu ejenti akiona kimya anarudia, na mteja akiweka PIN mara mbili amelipa mara mbili. Na hata ukiiandika vizuri, bado seva yako ikatae ombi la pili la oda hiyo, maelezo si kufuli, modeli inaweza kuyapuuza.

Meseji za makosa nazo ni dokumentesheni, tena ndizo ejenti anasoma wakati amekwama. "Error 400" haimsaidii na chochote. "Namba ianze na 254, tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha" anarekebisha mwenyewe na anaendelea. Majina pia, kama una tafuta_mteja na pata_mteja kwa mfumo mmoja, unganisha au useme wazi ni wakati gani moja haifai.

Kuna mahali sina uhakika. Mfano ndani ya maelezo husaidia, lakini nimeona ejenti akichukua namba ya simu ya mfano na kuituma kama ya mteja, kwa hivyo sasa kwa namba naeleza fomati tu. Maelezo yakizidi urefu nayo yanakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma) kila mazungumzo na zana zinaanza kuchanganywa, na sijapata kipimo cha kuniambia ni wapi nisimame. Kuandika USIWAHI kwa herufi kubwa kuna siku inafanya kazi na kuna siku haifanyi. Modeli ikibadilishwa, sentensi iliyokuwa sawa inaanza kuleta tabia mpya na siwezi kukueleza ni kwa nini.

Kwa hivyo ninapima. Naweka mazungumzo ya ukweli ya wateja, majina na namba zikiwa zimetolewa, Kiswahili na Dholuo na Sheng zikichanganywa vile watu wanatype, na nikibadilisha hata sentensi moja nayapitisha yote upya na kusoma ejenti aliita zana gani, na paramita gani, na akamwambia mteja nini. Mteja wangu anayesema AI itajijua nitamtumia hayo majibu, la STK likiwa la kwanza.