Je, kukosoa dini ni kosa la jinai Kenya?
Wengi huamini hivyo, na woga huo umewanyamazisha waumini wenye maswali ya haki. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa maneno, maandishi au ishara zilizotolewa kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu; adhabu yake ni kifungo cha hadi mwaka 1. Mzigo wote uko kwenye “kusudi”. Msikilizaji kuchukizwa hakutoshi, nia lazima ithibitishwe. Kumwambia mchungaji “tuonyeshe daftari la fungu la kumi” ni ukosoaji halali kabisa. Kusimama mlangoni mwa msikiti ukitukana wanaotoka kuswali ni kujitafutia kesi. Kwa vyovyote, Katiba ya 2010, kifungu cha 33 kuhusu uhuru wa kujieleza, hailindi uchochezi wa vurugu.