Eti kuondoa walowezi hakujawahi kuleta amani?
Ile meseji ya kwenye magrupu, eti Israeli ikiondoa walowezi amani haiji kamwe, angalia Gaza 2005, imeacha nusu ya habari. Gaza Waisraeli walitoka bila mkataba na Wapalestina, na anga, bahari na vivuko vingi vikabaki mikononi mwa Israeli. Sinai, rasi ya Misri ambayo Israeli iliiteka 1967, ilikuwa tofauti: mkataba na Misri wa 1979, kifungu cha kwanza kabisa kinataja kuondoa wanajeshi na raia (upo mtandaoni, usome mwenyewe), na Aprili 1982 mji wa walowezi wa Yamit huko Sinai ukabomolewa, baadhi ya walowezi wakashushwa kwa nguvu kutoka juu ya mapaa, na amani hiyo, ya baridi kweli, bado ipo. Watu wanachanganya sababu picha za Gaza ndo zilizojaa kwenye tivii. Ikikufikia tena usiifowadi, jamani.