Hapana, hakuna sheria inayoruhusu kumpiga Mwelshi mshale

Ule ujumbe unaodai kwamba hadi leo Mwingereza anaruhusiwa kumpiga Mwelshi (mtu wa Wales) mshale akimkuta usiku mjini Chester, mji wa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Wales, umerudi tena kwenye magrupu. Si kweli. Kuua ni kosa la mauaji Uingereza na Wales, kwa silaha yoyote, saa yoyote.

Kuna kisa cha kweli nyuma yake, nacho ndicho kinachowachanganya watu. Mwaka 1403, wakati wa uasi wa Wawelshi, mwana wa mfalme aliamuru kwamba Mwelshi asilale ndani ya kuta za Chester, wala asibebe silaha ila kisu cha kukatia chakula. Atakayekaidi akatwe kichwa. Amri kali mno, ya wakati wa vita, lakini haikumpa mpita njia ruhusa ya kuvuta upinde.

Tena mpakani huko mabwana wenye ardhi walikuwa na sheria zao. Ukoo wa Mortimer, wenye ngome yao Wigmore, uliendesha mahakama zake wenyewe katika ardhi zake za Wales. Ndiyo maana mtu akisikia "sheria za mpakani" huamini lolote. Ila uzao wa kiume wa ukoo huo ulikwisha 1425, na sheria ya 1536 ikavunja nguvu za mahakama hizo.

Ukitumiwa, uliza: ni sheria gani, ya mwaka gani, kifungu cha ngapi? Sheria za Uingereza zinasomeka bure mtandaoni, na hiyo hutaikuta. Tafadhali usiusambaze, unafanya kuua watu kwa asili yao kuonekane kichekesho.