Andrew Mellon, kodi na picha za Hermitage

Wateja wangu wa ushauri wa kodi huniuliza sana: nikitoa mali yangu kwa hisani, ni lini serikali itakubali kwamba si yangu tena? Kesi ninayopenda kuwaeleza ni ya Andrew Mellon wa Pittsburgh, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1855. Baba yake, Thomas, alipoacha ujaji alifungua benki ya T. Mellon & Sons, na mwaka 1882 akamkabidhi Andrew umiliki wake. Kijana huyo hakuridhika na riba peke yake. Biashara iliyomvutia aliikopesha, kisha akachukua na hisa ndani yake. Kampuni changa ya aluminiamu iliyokuja kwake mwaka 1889 kutafuta mtaji ndiyo leo Alcoa. Kampuni ya mafuta ya Gulf Oil nayo ilikuzwa na fedha za familia hiyo.

Mwaka 1921 akawa Waziri wa Fedha, akakaa hapo chini ya marais watatu hadi 1932. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 73 hadi 25. Matajiri walimshukuru, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Halafu zikaja picha. Serikali ya Stalin ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, ikaanza kuuza hazina za Hermitage, jumba la makumbusho la Urusi, kimyakimya. Kati ya 1930 na 1931 Mellon alinunua picha 21 kwa zaidi ya dola milioni 6. Moja tu ya mchoraji Raphael ilimgharimu zaidi ya milioni 1.1. Wakati huo Wamarekani wasio na kazi walikuwa kwenye foleni za supu.

Mwishoni mwa 1930 alianzisha mfuko wa amana wa hisani, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa ajili ya hisani, akauhamishia baadhi ya picha hizo, na thamani yake akaitoa kwenye mapato yake ya kutozwa kodi. Hapo ndipo serikali ya Rais Roosevelt ilipombana. Hoja yake: picha zimefungiwa stoo, hakuna mwananchi anayeziona, na wadhamini wa mfuko ni Mellon mwenyewe, mwanawe na wakili wake. Hiyo ni hisani gani? Baraza la wazee wa mahakama la Pittsburgh lilikataa kumshtaki kwa jinai mwaka 1934, lakini dai la takriban dola milioni 3 likaenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Wakili wa serikali alikuwa Robert Jackson, yule aliyekuja kuongoza mashtaka ya Marekani dhidi ya viongozi wa Nazi kule Nuremberg.

Desemba 1936, uamuzi ukiwa bado unasubiriwa, Mellon alimwandikia Roosevelt akitaka kulipatia taifa picha zake pamoja na jengo la kuzitunzia, Washington. Wapo wanaosema alikuwa akinunua huruma. Mimi sikubaliani nao: mpango wa jumba ulikuwa ukizungumzwa miaka kadhaa kabla ya kesi. Ila mfuko wenye wadhamini wa nyumba moja namna ile nisingemshauri mteja aufungue.

Alifariki Agosti 1937. Desemba Bodi ikaamua kwamba hakukuwa na udanganyifu na kwamba zawadi kwa mfuko ilikuwa halali, ingawa kodi kiasi ilibaki ikidaiwa. Jumba, National Gallery of Art, lilifunguliwa Machi 1941. Alikataa lipewe jina lake, na nadhani huo ndio uamuzi wake wa kifedha wenye akili kuliko yote: Kress na Widener, matajiri wenye makusanyo yao, wakaleta picha zao humo humo.